Desemba hii tusilizwe: mimi ni wakala wa pesa karibu na stendi ya Mbezi, haya ndiyo ninayoyaona dirishani

Wakala Dirishani (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu. Kibanda changu kipo Mbezi, dakika chache kwa mguu kutoka Stendi ya Magufuli. Huu ni mwaka wangu wa sita kwenye hili dirisha. Nisiwafiche, mwezi wa kumi na mbili kwangu ni mavuno, kamisheni inapanda hadi najisikia na mimi mtu. Lakini ndio mwezi ninaoona watu wazima wakilia mbele yangu kuliko mwezi mwingine wowote. Nimeona niandike mapema kabla foleni haijaanza.

Asiyepajua hapa aelewe hali ilivyo. Kuanzia katikati ya mwezi, stendi inafurika watu wa Moshi na Arusha wanaorudi kwao kwa Krismasi, wanaokwenda "kuhesabiwa" kama tunavyowatania (ndugu zangu Wachaga msinune, mimi mwenyewe shemeji yenu). Kabla mtu hajapanda basi, anatanguliza hela nyumbani: ya mbuzi, ya kreti za bia na soda, ya fundi, ya sare na godoro la mtoto anayeingia kidato cha kwanza Januari. Hela nyingi inasafiri kwa siku chache, na kila mwenye hela ana haraka. Tapeli hahitaji zaidi ya hapo.

Naanza na meseji ambayo wote tunaicheka. "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani fulani." Kila mtu anaijua. Watoto wa darasa la tatu wanaijua. Kwa nini basi watu bado wanatuma? Nilidhani ni ujinga, mpaka nilipokaa dirishani Desemba mbili. Ile meseji haimdanganyi mtu, inamvizia. Tapeli anaitupa kwa mamia ya namba bila kumjua hata mmoja, na wewe ukiipata mwezi wa tatu unaifuta tu kwa sababu hakuna unayemdai wala anayekudai. Ukiipata tarehe 22 Desemba, dakika kumi baada ya kuongea na mdogo wako kuhusu hela ya mbuzi, unaisoma kwa sauti ya mdogo wako. Tapeli hajui lolote kuhusu mbuzi wako. Wewe ndiye umemalizia hadithi.

Mwaka juzi, siku mbili kabla ya Krismasi, alikuja dada mmoja, mtoto mgongoni, begi miguuni, basi lake linaondoka saa moja ijayo. Anataka kutuma laki tatu na nusu. Akanisomea namba kutoka kwenye simu yake. Nikaingiza, likaja jina la mwanamke. Kwa mazoea nikamuuliza, hii hela ya nini dada? Akasema ya fundi, anapaua nyumba ya wazazi huko Kibosho, wanataka Krismasi iwakute chini ya bati jipya. Nikamwambia mbona fundi wako ana jina la kike? Akanigeuzia simu nisome mwenyewe: "Si imeandikwa jina litakuja hilohilo?"

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa ufundi wa ile meseji. Jina linalojitokeza kabla hujathibitisha muamala liliwekwa kutulinda, likija tofauti ushtuke. Tapeli kalichukua lile jina akaliweka ndani ya meseji yake, kwa hiyo likitokea, badala ya kukushtua linakutuliza. Unasema ahaa, ndiyo yenyewe. Ngao yako kaigeuza muhuri wake.

Nilimwambia dada piga simu kwa fundi, kwa namba yake ile ya siku zote, usipige hiyo. Akapiga huku amekasirika, basi linamwacha. Fundi akapokea, nyuma yake nyundo inagonga. "Mimi sijabadilisha namba mama, niko juu ya paa hapa, nasubiri hiyo hela." Yule dada alikaa chini kwenye begi lake. Hakuniambia hata asante, alibaki anaiangalia ile simu.

Huyo alipona. Wiki hiyohiyo mzee mmoja nilimuuliza swali lilelile, akanijibu, "Kijana, wewe kazi yako ni kutuma au kuhoji?" Watu wanne walikuwa nyuma yake wananung'unika. Nikatuma. Laki mbili na sabini. Alirudi baada ya dakika arobaini, kofia mkononi. Tukapiga huduma kwa wateja, tukaambiwa hela imeshatolewa. Matapeli hawaachi hela ilale kwenye laini. Ikiingia tu, kuna mtu yuko mbele ya dirisha la wakala mwingine anaitoa. Yule mzee nikimkumbuka hadi leo najilaumu, ningesema tu mtandao unasumbua.

Meseji hiyo ina ndugu zake. "Mimi mwenye nyumba wako, kodi nitumie namba hii, ile simu imeharibika." Mwenye nyumba wa Dar anadai miezi sita kwa mkupuo, na mikataba mingi inaisha mwisho wa mwaka, kwa hiyo hapo mtu anapigwa pesa ndefu. Nyingine inajifanya mwalimu wa bweni, mtoto kaanguka, tuma ya hospitali. Hii ni mbaya kwa sababu mzazi hafikirii, anatuma. Na siku hizi kuna ya mzigo: rafiki uliyemjua mtandaoni amekutumia zawadi ya sikukuu kutoka Ulaya, imekwama uwanja wa ndege, tuma ushuru kwa "afisa" huyu. Malipo ya serikali Tanzania yanalipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, ile tunayoiita kontroo namba. Ushuru unaoelekezwa kwenye laini ya mtu binafsi ni ushuru wa tapeli.

Sasa ninyi wenye biashara, maana Desemba hamlizwi kwa kutuma, mnalizwa kwa kupokea. Mteja anachukua kuku watano, anakuonyesha simu, "nimeshatuma," na kweli meseji inaingia kwako: umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani. Foleni ndefu, unamwachia kuku. Jioni unahesabu, hela haipo. Ile meseji aliiandika yeye na kukutumia kwa laini ya kawaida. Tazama vitu viwili. Kwanza, meseji ya kweli inakuja kwa jina la kampuni na inapanga mstari chini ya zile za zamani, ya uongo mara nyingi inakuja kwa namba ya simu. Pili, meseji ya kweli inataja salio lako jipya, na tapeli hajui ulikuwa na shilingi ngapi. Ataandika salio la kubuni au ataliruka. Ukiwa na shaka angalia salio, mteja wa kweli atasubiri nusu dakika.

Dada wa meseji hiyo ni ile ya "samahani nimekosea kutuma, naomba unirudishie." Usirudishe kwa mkono wako. Kama kweli amekosea, apige huduma kwa wateja wa mtandao wake aombe muamala urudishwe. Nawaambia hivi kwa sababu kuna anayetuma meseji ya uongo halafu akaomba urudishe hela ya kweli.

Stendini sitakaa sana, wasafiri wenyewe mnayajua. Anayekufuata getini na "siti ya mwisho, kaka, gari linatoka sasa hivi" usimpe hela. Ingia ndani, nenda dirisha la kampuni yenyewe, lipa kwa lipa namba yenye jina la kampuni, chukua tiketi ya mashine yenye namba ya basi na ya siti. Ile ya kuandikwa kwa kalamu nimeona siti namba 14 ikigombewa na abiria watatu, wote wana tiketi, wote wamelipa. Nauli ikizidi ile iliyotangazwa na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, ofisi zao zipo, lalamika kabla basi halijatoka, ukishafika Chalinze umeshalala.

La mwisho, na hili watu wengi hawalijui. Desemba mtaani panajaa vijana wa miavuli wanaosajili laini kwa ofa. Unaweka kidole, anasema "hakijasoma, weka tena." Unaweka tena. "Mtandao unasumbua, weka tena." Mara nyingine ni kweli kidole hakijasoma, hasa cha fundi au mkulima. Mara nyingine kila uliposukuma kidole umesajili laini nyingine kwa kitambulisho chako cha taifa, kile cha NIDA, na hiyo ndiyo itakayotumika kumliza mama wa watu Sumbawanga, polisi waje mlangoni kwako. Bonyeza *106# leo hii, uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Mimi mwaka jana nilimwangalizia mama ntilie wangu, ana simu moja ya tochi, tukakuta laini nne.

Ukipata meseji ya kitapeli usiishie kuicheka, itume kwenda 15040 pamoja na namba iliyokutumia. Na mtoa huduma wa kweli akikupigia, namba ni 100. Akipiga kwa namba ya kawaida akisema ni "makao makuu," umeshinda promosheni ya sikukuu, akaanza kukuelekeza ubonyeze hiki kisha hiki, kata. Wanakutembeza kwenye menyu hadi unajitumia mwenyewe hela kwao.

Karibuni, wenye visa vyenu tupeni.

---

Ngosha wa Kahama

Mkuu uzi mzuri ila mimi naona tunawabembeleza watu. Zaidi ya miaka kumi na tano ya huduma hizi, TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wanatangaza kila siku, redio zinasema, na bado mtu anatuma. Wajinga ndio waliwao. Mjini shule, ada lazima ilipwe.

---

Wakala Dirishani

Mkuu Ngosha, yule mzee wa laki mbili na sabini alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Anajua kusoma kuliko mimi. Alikuwa na haraka tu na alikuwa amemuahidi mjukuu.

---

Asiyelala

Samahani mleta uzi, naomba niulize swali ambalo halijaulizwa. Ninyi mawakala mna lile daftari. Jina, namba ya simu, kiasi, saini. Nikitoa laki nane kwako leo, kesho napata simu "habari, hapa huduma kwa wateja, jana ulitoa laki nane, muamala una hitilafu." Huyo kajuaje? Malaika?

---

Wakala Dirishani

Nilijua litakuja hili. Sikwepi.

Ni kweli mkuu. Daftari linavuja. Mwaka wa pili wa kazi niliajiri kijana wa kunishikia dirisha nikienda benki kufuata floti, yaani hela ya kufanyia kazi. Siku moja nikarudi mapema, nikamkuta anapiga picha kurasa za daftari kwa simu. Akasema anaweka kumbukumbu. Nikamwambia fungua hizo meseji zako. Alikuwa anauza ukurasa mmoja kwa elfu kumi, majina yenu na kiasi mlichotoa na kuweka. Nilimfukuza siku hiyohiyo, na nakiri hapa sikumpeleka polisi kwa sababu niliogopa dirisha langu nalo litafungwa. Hilo kosa langu.

Tangu hapo daftari langu linakaa kwenye droo yenye kufuli, na mteja haoni waliomtangulia. Ukienda kwa wakala ukakuta daftari limefunuliwa juu ya meza, majina ya watu yanasomeka kama tangazo, nenda kwa wakala mwingine. Na ukipigiwa na mtu anayejua kiasi ulichotoa jana, kujua kwake kusikufanye umwamini. Amenunua karatasi tu.

---

Asiyelala

Heshima mkuu. Sikutegemea ukiri hivyo. Endelea.

---

Mama Kibosho

Mimi naomba nilete la akina mama maana hapa mnaongea simu tu. Desemba ndio tunavunja vikoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Mwaka mzima tunaweka hisa kila Jumamosi, tunakopeshana, tarehe 15 au 20 tunagawana tukanunulie watoto nguo. Kikoba chetu tulikuwa wanawake 28. Mwanzoni sanduku lilikuwa na kufuli tatu, funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Haliwezi kufunguka mpaka wote wawepo na kikao kinaona.

Ikaja akili mpya. Eti sanduku ni ushamba, hela ikae kwenye laini ya mweka hazina, ni salama zaidi, inaonekana kwenye simu. Tukakubali. Kila Jumamosi anatuonyesha meseji ya salio, tunapiga makofi. Wiki ya kuvunja akasema simu imeibiwa. Siku iliyofuata akawa hapatikani. Siku ya tatu tukaenda kwake, mlango una kufuli kubwa kuliko zote tatu za sanduku letu.

Ile meseji ya salio aliyokuwa anatuonyesha? Ya mwezi wa nane. Hakuna hata mmoja wetu aliyesoma tarehe.

---

Kinyerezi Kwetu

Pole sana mama. Mlifika polisi?

---

Mama Kibosho

Tulifika, tukapewa RB, ile namba ya kumbukumbu ya polisi. Mume wake alilipa kidogo kidogo karibu nusu, ni mtu mwenye haya. Kikoba kipya tumerudi kwenye sanduku. Kwa wanaotaka simu, siku hizi kampuni na benki zina akaunti za kikundi ambazo hela haitoki mpaka watu zaidi ya mmoja waidhinishe. Hiyo sawa. Laini ya mtu mmoja, hapana, hata kama ni dada wa kanisani. Wetu alikuwa kiongozi wa kwaya.

---

Mzee wa Upatu

Vijana hamjui kitu. Mimi nilipanda DECI, ule upatu wa kupanda na kuvuna hela. Mwaka 2009, kabla serikali haijafunga, nilikuwa nimepanda mbegu laki tano nikisubiri kuvuna mara mbili na zaidi. Foleni yetu ya kupanda ilikuwa ndefu kuliko foleni ya kupiga kura. Jirani yangu alivuna kweli mara ya kwanza, akanunua friji, na lile friji ndilo lililonimaliza mimi. Kila nikipita kwake nasikia linanguruma.

Nalileta hapa kwa sababu kila mwisho wa mwaka naona linarudi na jina jipya. Sasa wanaita programu, unaangalia video, unabonyeza, unalipwa kila siku, ukialika watu unapanda ngazi. Linalipa kweli mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Watu wanaongeza hela ili Krismasi iwe nzito. Linazima Desemba. Anayekuonyesha kwamba amelipwa hasemi uongo, amelipwa kwa hela yako.

---

Wakala Dirishani

Mzee umesema kweli, na mimi nayaona kwa upande wangu. Kuna wiki napokea watu kumi wanaotuma kwenye namba moja ileile, wote wanasema "nawekeza." Halafu wiki moja kimya.

---

Msafiri 254

Salamu kutoka Nairobi. Huku hizo za "tuma kwa hii namba" tunazo, na Desemba kila mtu akienda ushago, yaani kijijini, ndio zinazidi. Safaricom meseji ya ulaghai unaitumia 333, bure. Ukikosea kutuma pesa, ile meseji ya M-Pesa unaipeleka 456 wanajaribu kuirudisha kama bado haijatolewa. Kitu kimoja watu hawajui: ukituma kwa namba isiyo kwenye orodha yako ya majina, huwa unapewa sekunde chache kabla iende, jina linaonekana, unaweza kusimamisha. Watu wanabonyeza bila kusoma.

Pia chungeni mikopo ya simu huko kwenu. Huku January tunaliaga Desemba tukiwa na madeni ya programu saba.

---

Kinyerezi Kwetu

Hiyo ya mikopo huku ndio balaa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Mimi nilikuwa kwenye mbili, sitaji. Nilikopa elfu hamsini ya zawadi za watoto, mkononi ikaingia thelathini na nne, siku ya saba wanadai hamsini na tano. Siku ya nane wakaanza kupigia watu wote kwenye simu yangu, hadi mchungaji, hadi fundi jiko. Kumbe nilipoipakua niliiruhusu isome majina yangu yote. Kabla hujakopa, angalia kama Benki Kuu inawatambua, na programu ikiomba kusoma majina ya watu wako ujue dhamana ni aibu yako.

---

Mkaazi wa Nungwi

Assalaam aleikum. Mie nipo huku kisiwani Zanzibar, nafanya kazi za kupokea wageni. Kila mwisho wa mwaka wanatufikia watu kutoka bara, familia nzima, watoto wamevaa miwani ya jua, wana risiti ya nyumba ya ufukweni walolipia kwenye ukurasa wa Instagram. Nyumba ipo kweli, picha ni zake. Mwenyewe hana khabari. Mwaka jana familia moja walisimama mbele ya geti saa mbili usiku, mtoto mdogo anauliza bwawa la kuogelea liko wapi.

Kabla hujalipa, piga simu ya video, mwambie mwenye nyumba atembee mpaka nje akuonyeshe geti na njia. Wa kweli atatembea, atalalamika lakini atatembea. Tapeli atakwambia mtandao mbovu. Na ukilipa amana, bakisha nyingi ya kulipa ukifika.

---

Shangazi Kariakoo

Hapo kwa Mkaazi niongezee. Mimi nauza nguo za watoto mtandaoni na dukani, na kurasa za kitapeli zinaiba picha zangu kila mwezi. Nimejifunza kuzitambua: bei nusu ya soko, maoni yamefungwa ili waliolizwa wasiandike, hakuna duka la kufika, na lazima ulipe kwanza yote "kwa sababu ya oda nyingi za sikukuu." Kwa mteja wa Dar hakuna sababu ya kulipa kabla. Boda analeta, unafungua mfuko, unapima mtoto, unalipa. Mteja wa mkoani ndiye mwenye shida. Huyo nampa jina la duka, fremu na mtaa, aje ndugu yake aliyepo Dar anione uso. Asiyetaka kuonwa uso usimpe hela.

---

Ngosha wa Kahama

Wakuu narudi kwa aibu. Baada ya kuandika ule ujeuri wangu juu nikasema ngoja nibonyeze *106#. Kuna laini mbili sizijui. Moja ya mtandao ambao sijawahi kuutumia maishani. Nifanyeje?

---

Wakala Dirishani

Karibu shuleni mkuu 😂 Usiogope. Nenda mwenyewe na NIDA yako kwenye duka rasmi la huo mtandao, sio kwa kijana wa mwavuli, waambie laini hizo huzitambui wazifute. Nenda leo ukiweza. Na kumbuka nani alikusajili mara ya mwisho na kidole kilikataa mara ngapi.

---

Ngosha wa Kahama

Kilikataa mara tatu. Nilikuwa natoka shamba, nikajua ni matope.

---

Dogo wa Goba

Wakuu msaada wa haraka. Nimeusoma uzi huu nikiwa kwenye daladala na sasa hivi, naapa, imeingia: "Ile hela ya mbuzi tuma kwenye hii namba, jina litakuja…" Na kweli nilimuahidi baba mdogo hela ya mbuzi! Mleta uzi ulisema tapeli hajui habari ya mbuzi. Huyu kajuaje?

---

Wakala Dirishani

Usitume. Ni Desemba mkuu, ukisema mbuzi unapatia kwa watu wengi, ni kama kusema "wewe una shangazi." Mpigie baba mdogo kwa namba yake ya siku zote. Sasa hivi, shuka kwenye daladala kama kuna kelele.

---

Shangazi Kariakoo

Tunasubiri mrejesho hapa.

---

Dogo wa Goba

Nimempigia. Hajatuma meseji yoyote, simu yake haina hata vocha. Nimeshaipeleka 15040.

Ila kwa kuwa nimempigia mwenyewe, kaniuliza mbuzi yuko wapi, kwa nini nimekaa kimya wiki mbili, na kwamba bei imepanda nimuongezee elfu thelathini. Mleta uzi, kesho nakuja dirishani kwako.